Muulize Refa: Ukiitwa mchiti mbele ya watu

*Ukurasa huu hupokea maswali kuhusu sheria za mashindano ya gemu za mtandaoni. Anayejibu ni refa wetu, mama aliyesimamia ligi za gemu za risasi na baadaye akakaa kwenye jopo la rufaa. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yamefichwa.*

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu kuchiti, na nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Nimechagua chache. Zile zilizonitaka nitaje akaunti za watu "ili dunia iwajue" sikuzimaliza kusoma.

Shikamoo Refa. Nina miaka 19, nacheza gemu ya risasi ya Counter-Strike kwenye timu ya watu watano. Nusu fainali niliwaua watatu ndani ya moshi unaozuia kuona, raundi ya mwisho. Usiku huohuo ikasambaa klipu fupi yenye duara jekundu na maneno "huyu anaona kupitia ukuta". Sijawahi kutumia programu haramu. Waandaaji wako kimya, ila nahodha amenitoa kikosini mpaka nijisafishe. Kuna mtu kwenye kundi anataka nimruhusu aingie kwenye kompyuta yangu kwa mbali aikague, eti nikikataa nina la kuficha. Wengine wanataka nicheze mubashara kamera ikimulika mikono yangu. Nijisafisheje? — Mlengaji

Marahaba, mwanangu. Huyo anayetaka kuingia kwenye kompyuta yako mkatalie leo hii. Humjui na hana mamlaka yoyote. Akishaingia anaweza kutoka na nywila zako na akaunti yako, au akakuachia humo faili lilelile analosema amekuja kulitafuta. Mashine hukaguliwa na mwandaaji wa mashindano, kwa kanuni ulizozikubali, wewe ukiwepo, na kila kinachofanyika kikiandikwa.

Sasa hilo neno "jisafishe". Hebu tazama unachodaiwa: uthibitishe kwamba kitu fulani hakikuwemo kwenye kompyuta yako usiku ule. Ukiwaonyesha orodha ya programu, watasema umeshafuta. Ukicheza mbele ya kamera ukashinda, watasema leo umeizima. Ukishindwa, watasema si tulisema. Jaribio hilo halina matokeo yanayokuokoa. Ndiyo sababu mzigo wa kuthibitisha huwekwa begani kwa anayedai. Yeye ana jambo moja la kuonyesha, wewe una elfu ya kukanusha.

Yupo aliyeipita hiyo njia ya kamera. Mwaka 2016 binti wa Korea Kusini, Kim Se-yeon, anayejulikana kama Geguri, alikuwa na miaka 17 na alicheza gemu ya risasi iitwayo Overwatch akitumia mhusika aitwaye Zarya. Shabaha yake ilikuwa kali kiasi kwamba wapinzani walidai analengewa na programu, na wachezaji wawili wa kulipwa wakatamka kwamba akionekana safi wao wataacha. Kampuni ya Blizzard, wenye gemu hiyo, ikasema hakuna kosa. Hata hivyo ikambidi akae studio, kamera ikitazama mkono na kipanya, acheze watu wakimkodolea macho. Akacheza vilevile. Wale wawili wakaachia ngazi, naye mwaka 2018 akasajiliwa na Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza katika ligi kuu ya gemu hiyo. Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi namwona mtoto wa miaka 17 aliyetolewa jasho ili athibitishe jambo ambalo wenye gemu walikuwa wamekwisha kulisema.

Kwa hiyo usikimbilie kamera. Kaa uandike barua pepe kwa mwandaaji: je, kuna malalamiko rasmi dhidi yangu? Ni raundi ipi, kifungu kipi cha kanuni, nani atasikiliza na lini? Kisha omba jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau, kwamba rekodi ya mechi iliyomo kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ihifadhiwe. Rekodi hizo haziwekwi milele, na zikishafutwa utabaki na klipu ya adui yako kuwa ndiyo ushahidi pekee duniani. Jibu la mwandaaji ndilo la kumpelekea nahodha wako. Kama hakuna malalamiko, mwulize amekutoa kikosini kwa kosa gani.

Kwa nini nasisitiza rekodi ya seva? Kesi moja iliyofika kwenye jopo letu ilifanana sana na yako: mtu kapiga ndani ya moshi, kaua, mitandao imewaka. Ukiiangalia klipu iliyosambaa, hata mimi ningesema uchawi. Faili la seva lilikuja kwetu wachezaji wakiwa na namba badala ya majina. Nikalitazama mara ya kwanza bila kusimamisha, kwa jicho la mtuhumiwa tu, masikio yakiwa ndani ya vipokea sauti. Kabla ya risasi ya kwanza kulikuwa na mlio mdogo upande wa kulia. Mtu alikuwa anabadilisha magazini ndani ya moshi. Kwenye klipu mlio huo haukuwemo kwa sababu aliyeisambaza alikuwa ameweka muziki juu yake. Nikatazama ramani: mwenzake alisimama kona ya pili, alikuwa amemwona adui akiingia, kwa hiyo nukta nyekundu ilikuwa imeshatokea kwenye rada. Risasi mbili za mwanzo zilikwenda kushoto zikapotea. Ya tatu ndiyo iliyompata.

Sikuishia hapo, maana raundi moja haisemi mengi. Anayeona kupitia kuta ana tabia ambayo ni vigumu kuificha mechi nzima: huziangalia kona zenye watu na kuzipuuza zilizo tupu. Huyu alizikagua zote, tupu na zenye watu, na katika raundi za mwanzo alimpita adui aliyejibanza nyuma ya sanduku akampa mgongo kabisa, akafa. Tukamwachia.

Jambo jingine la kumweleza nahodha wako: anachokiona mtazamaji si kile ulichokiona wewe. Rekodi huhifadhi vipande vichache vya mwendo kwa sekunde kuliko skrini yako, na katikati kompyuta hujaza yenyewe, ndipo alama ya shabaha huonekana kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Naye aliyekufa akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta, akaapa kwamba risasi imepenya tofali, hajui kwamba seva hurudi nyuma kidogo kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza. Mtandao ukiwa mzito pengo hilo huongezeka. Hasira zake ni za kweli, ila hazithibitishi kitu.

Refa, unawatetea mno. Hiyo dhana ya kutokuwa na hatia ni ya mahakamani, ambako mtu anaweza kufungwa jela. Huku anapoteza akaunti tu. Wachiti wanajificha nyuma ya maneno hayo. Sisi tunaocheza kila usiku tunawajua kwa macho. Lisemwalo lipo. — Nimechoka Kuibiwa

Lisemwalo lipo, na methali inaendelea: kama halipo, laja. Hapo ndipo ninapoogopa. Linasemwa kwanza, halafu linatafutwa.

Nianze na ulichosema kweli. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 11, linamzungumzia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai. Kampuni ya gemu si dola. Ulibonyeza "nakubali", na katika masharti uliyoyakubali bila kusoma imo haki yao ya kuifunga akaunti yako. Wanaweza kuchukua hatua kwa uhakika ulio chini ya ule wa hakimu, na sina ugomvi na hilo. Mchiti anayeachwa msimu mzima anawaibia watu wengi, nao hawana wa kumlilia.

Ugomvi wangu uko kwenye "tunawajua kwa macho", kwa sababu macho hayo yameshapimwa. Valve, wenye Counter-Strike, walianzisha mwaka 2013 utaratibu ambao wachezaji wazoefu walipewa rekodi za watu walioshtakiwa, majina yakiwa yamefichwa, na mtuhumiwa akiitwa Mtuhumiwa tu. (Utaratibu huo nao uliitwa Overwatch, lakini hauhusiani na gemu ya Blizzard niliyoitaja juu.) Wakaguzi waliulizwa: kosa liko wazi bila shaka ya maana, au ushahidi hautoshi? Mwaka 2018 mhandisi wa Valve aliueleza mkutano wa watengeneza gemu matokeo yake. Kesi zilizotokana na malalamiko ya wachezaji ziliishia kwenye hatia kwa asilimia 15 hadi 30 tu. Zile zilizoletwa na mfumo wao wa kompyuta uliofundishwa kutambua mienendo ya kulenga ziliishia kwenye hatia kwa asilimia 80 hadi 95.

Sisemi kwamba wote waliobaki walikuwa malaika. Nasema kwamba macho ya mtu aliyetoka kushindwa sasa hivi, yakipelekwa mbele ya mtu aliyetulia, mara nyingi hayatoshi.

Na mashine nayo hukosea. Julai 2010 mfumo wa Valve wa kunasa wachiti uliwafungia wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 ambao hawakufanya lolote. Faili la gemu kwenye diski lilikuwa limesasishwa ilhali nakala iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta haikubadilishwa. Mfumo ukaona vitu viwili visivyofanana ukahukumu. Walifunguliwa, wakaombwa radhi, wakapewa gemu nyingine bure. Oktoba 2023 draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi za picha za kampuni ya AMD ilileta kipengele cha kupunguza ucheleweshaji ambacho kiligusa ndani ya faili za Counter-Strike 2. Watu waliowasha kitufe rasmi cha kampuni kubwa wakafungiwa kama wezi. AMD wakaiondoa draiva hiyo, Valve wakaanza kuwafungua. Fikiria mtu wa kundi hilo akiwaambia marafiki zake, "Sijafanya kitu, ni draiva." Wewe ungemwamini?

Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu ushahidi wa kweli hupatikana, na ukipatikana haubishaniwi. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike huko Shanghai, msimamizi alisogea kwenye kompyuta ya Nikhil Kumawat wa OpTic India kuikagua. Mchezaji akawahi kuifunga programu iliyokuwa wazi, mbele ya macho ya watu. Faili lilikuwa limepewa jina la programu ya kuandikia barua. Timu nzima ikatolewa siku ileile, naye akafungiwa miaka 5. Februari 2023 Valve waliweka ndani ya gemu yao ya Dota 2 sehemu ya data ambayo gemu yenyewe haiisomi kamwe katika mchezo wa kawaida. Programu za kuchiti ndizo pekee zilizoinyooshea mikono. Akaunti zaidi ya 40,000 zikafungwa kwa mkupuo. Waliofungwa walikuwa wamesoma kisichosomeka, basi. Hakuna aliyehitaji kuwatazama usoni.

Ukimshuku mtu, bonyeza kitufe cha kuripoti, andika raundi na dakika, uendelee na mechi yako. Usiandike jina lake kwenye kundi la watu mia tano.

Kuna mtu kwenye ligi yetu alikuwa wa kawaida tu, ghafla akashinda mechi 30 mfululizo. Nimekokotoa uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati, ni mdogo kupita kiasi. Hesabu haidanganyi, au siyo? — Mpenda Takwimu

Hesabu haidanganyi, ila hujibu swali uliloiuliza, na wewe umeiuliza swali rahisi. Umeuliza: mtu huyu mmoja, kuanzia leo, ana uwezekano gani wa kushinda 30? Ulipaswa kuuliza: katika ligi yote, katika mechi zote walizocheza watu wote, kuna uwezekano gani kwamba mmoja wao, wakati fulani, atafanya hivyo nami nitamwona? Halafu useme alicheza na nani. Mechi 30 dhidi ya wanaoanza si sawa na 30 dhidi ya wa daraja lake.

Mwaka 2023 Vladimir Kramnik, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alihoji hadharani matokeo ya mchezaji mwenzake, Hikaru Nakamura: pointi 45.5 katika michezo 46 ya mtandaoni. Tovuti ya sataranji ya Chess.com ikapitia michezo yake ikasema haikuona udanganyifu. Nakamura amecheza michezo makumi ya maelfu pale, mingi dhidi ya watu walio chini yake sana. Kwa mtu kama huyo, ajabu ingekuwa kukosa mfululizo wa namna hiyo.

Chukua mfano wa kubuni. Wachezaji 10,000, wachiti 100 kati yao. Una kipimo kizuri sana: kinawanasa wachiti 90 katika hao 100, na kwa walio safi kinakosea mara 1 tu katika 100. Wasafi ni 9,900, kwa hiyo 99 kati yao watawekewa alama. Una watu 189 wenye alama, na zaidi ya nusu hawana kosa. Mtu akikuambia kipimo chake "kina uhakika wa asilimia 99", mpe kalamu.

Ila nisikuache ukidhani takwimu hazifai. Mwishoni mwa 2020 wasimamizi wa rekodi za kumaliza gemu ya Minecraft kwa kasi walichunguza majaribio ya mchezaji maarufu anayejiita Dream. Bahati yake ya kupata vitu adimu ilikuwa imezidi. Nilichowapendea ni kwamba walihesabu upande wake kwanza: wakaingiza kwenye hesabu kwamba wamechagua siku zake nzuri, kwamba wachezaji ni wengi, kwamba mtu huacha pale bahati inapomwangukia. Baada ya kumpa nafasi zote hizo bado uwezekano ukabaki 1 katika trilioni 7.5. Alikanusha, kisha Mei 2021 akakiri kwamba gemu yake ilikuwa na programu iliyobadilisha bahati hiyo, ingawa alisema hakujua kuwa ilikuwa inafanya kazi. Hapo hesabu ilifuatwa na jambo la kugusika. Ukokotozi wako wa jana usiku haujafika huko.

Mimi naendesha ligi ndogo ya kujitolea. Hatuna wahandisi wala mifumo ya kunasa. Tukipokea tuhuma tufuate kiwango gani, na tutangaze nini? — Mwandaaji Asiyelala

Mdogo wangu, pole kwa kazi. Kiwango kwanza. Katika mabishano ya michezo, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, pamoja na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, hutumia kipimo cha katikati: lazima waamuzi waridhike kwelikweli, zaidi ya "inaelekea ndivyo", bila kufika kwenye "hakuna shaka hata chembe". Kosa likiwa zito, nao huhitaji kuridhika zaidi. Kwa ligi ndogo hicho kinatosha. Kiandikeni kwenye kanuni kabla msimu haujaanza, maana kiwango kinachotungwa baada ya mtu kushtakiwa huwa kimemlenga yeye.

Anayelalamika asichunguze, na anayechunguza asihukumu peke yake. Najua mko watu wachache. Azimeni mtu kutoka ligi nyingine, nanyi muwalipe kwa namna hiyohiyo siku yao ikifika. Apewe rekodi zilizofutwa majina. Mtuhumiwa aambiwe anadaiwa nini hasa, apewe siku za kujibu, na asikilizwe na watu tofauti akikata rufaa. Wakati huo anacheza? Kama mna shaka nzito, mhamishieni mechi zake mahali mnapoweza kuona skrini yake na mikono yake. Kumsimamisha ni hatua ya mwisho, iwe na tarehe ya kuisha.

Adhabu iwe na ngazi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba hitilafu katika Counter-Strike ilimruhusu kocha kuiacha kamera yake sehemu ya ramani asiyotakiwa kuiona. Tume ya uadilifu ya esports (mashindano ya gemu), ESIC, iliwaadhibu makocha 37. Hawakupigwa wote rungu moja: aliyeitumia mara nyingi alipewa zaidi, aliyejitokeza na kukiri alipunguziwa. Katika ligi ndogo mara nyingi naona vitu viwili tu, kusamehewa kabisa au kufungiwa maisha, na kwa kuwa kufungiwa maisha ni adhabu kubwa mno, wasimamizi hutafuta sababu ya kutohukumu.

Kuhusu kutangaza: kabla ya uamuzi, msitangaze jina wala dokezo. Dokezo ndilo baya zaidi. Septemba 2022 Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alipoteza kwa Hans Niemann kwenye mashindano ya Sinquefield Cup, akajitoa, akaweka mtandaoni video ya kocha wa mpira akisema kwamba akizungumza ataingia matatani. Hakudai kitu, na dunia nzima ikadai kwa niaba yake. Uvumi uliofuata juu ya Niemann siwezi kuuandika kwenye gazeti hili. Niemann alikwisha kukiri kudanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na 16, na Chess.com baadaye ikatoa ripoti ya kurasa 72 ikisema huenda ilikuwa zaidi ya michezo 100. Hiyo ni sababu halali ya kumtazama kwa makini. Haithibitishi chochote kuhusu mchezo ule wa ana kwa ana, na uchunguzi wa FIDE haukupata ushahidi wa kitakwimu kwamba alidanganya kwenye michezo ya ana kwa ana. Desemba 2023 FIDE ikamtoza Carlsen euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya msingi, ikamwondolea mashtaka mengine. Katikati ilipita kesi ya Niemann ya kudai dola milioni 100, iliyomalizwa kwa makubaliano Agosti 2023. Ligi yako haina mawakili wa kubeba hayo.

Baada ya uamuzi, mkimkuta na hatia, tangazeni kosa, kifungu na muda. Mkimkuta safi na jina lake lilikuwa limeshavuja, tangazeni hilo pia, kwa ukubwa uleule.

Mwanangu wa miaka 14 kila akifungwa anapiga kelele kwamba mpinzani anachiti. Nimnyang'anye gemu? — Baba Mtu

Usimnyang'anye bado. Mwambie akuwekee marudio ya kifo hicho, akuonyeshe ni wapi mpinzani alifanya lisilowezekana. Mketi wote mtazame. Mara chache atakuwa na hoja, mripoti pamoja. Mara nyingi atanyamaza kabla video haijaisha. Na wewe baba, ukitazama mpira, mwamuzi huwa unamwitaje?

Refa, kwenye ukurasa wangu wenye wafuasi wengi nilisema mchezaji fulani anatumia programu ya kulenga. Mwandaaji akachunguza, akasema hana kosa. Nikafuta chapisho. Sasa jamaa anang'ang'ania niombe radhi hadharani. Nimeshafuta, anataka nini tena? Uhuru wa maoni umekwenda wapi? — Mwenye Ukurasa

Anataka kilekile ulichompa mwanzo, yaani hadhara. Tuhuma uliitoa mbele ya maelfu, marekebisho umeyafanya chumbani kwako. Klipu yako ilishanakiliwa na watu usiowajua. Ulichofuta ni nakala yako tu, pamoja na mahali pekee ambapo mtu angeweza kusoma kwamba haikuwa kweli.

Uhuru wa maoni uko palepale. "Sipendi anavyocheza" ni maoni. "Anatumia programu ya kulenga" ni dai linaloweza kuwa kweli au uongo, na katika nchi nyingi mtu anaweza kukufikisha mahakamani kwa kashfa. Huko wewe ndiwe utakayetakiwa kuonyesha ushahidi, na umeniambia mwenyewe kwamba mwandaaji alichunguza akasema hana kosa.

Andika chapisho jipya. Taja mechi, taja ulichodai, taja matokeo ya uchunguzi, sema samahani, na usiweke neno "lakini" popote. Mwulize kwanza kama anataka jina lake litajwe tena au lisitajwe. Hilo ni la kwake kuamua. Libandike juu kabisa ya ukurasa, likae angalau muda uleule ambao tuhuma ilikaa. Mpelekee nakala mwandaaji na nahodha wa timu yake. Ile barua yako ya pili, unayouliza kama unaweza kumtaka aondoe malalamiko yake ndipo umwombe radhi, nimeipata pia. Jibu ni hapana.